Rimu ya Lori la Bluu

Walimu, shikamooni kwa wakubwa, na wengine habari za kazi. Nimeambiwa mmepokea watoto wawili ambao nyumba yao iliangukiwa na maporomoko, na kwamba mmoja hasemi. Ndiyo maana nimeitwa. Mimi ni fundi cherehani pale Same mjini, hotuba siziwezi. Nitaeleza yaliyonipata mimi tu.

Nilikulia Vudee, huko milimani, miaka ile ya kupanga foleni kwa ajili ya sabuni. Nilikuwa mtoto msemaji sana. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo kila kipande cha gazeti kilichofungia chumvi alinipa nimsomee. Siku za gulio alishusha ndizi kwenda kuuza Hedaru, na shule ikifungwa tulikwenda wote.

Nilikuwa nimemaliza darasa la pili. Lori la bluu tulilopanda lilikosa breki kwenye kona, likapinduka. Mama alifia palepale. Mguu wangu ulibanwa chini ya gurudumu, na watu walioacha mashamba yao walinitoa kwa kugonga chuma kwa mitarimbo, kwa muda mrefu, sikio langu likiwa karibu na rimu ya gurudumu lile. Mguu ulipona baada ya miezi mitatu. Kovu ninalo.

Nikiwa bado kitandani, kijiji kiliitana kwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja inayoitishwa kwa kupuliza pembe. Shule haikuwa na kengele, na siku hizo hakuna aliyeacha chuma kishike kutu bure. Waliing'oa rimu ya lori lile, wakaipandisha mlimani mabegani, wakaitundika kwenye mti wa uwanja wa shule iwe kengele. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Nilirudi shule. Rimu ilipogongwa nilianguka, nikajikojolea mbele ya wenzangu. Ikawa hivyo kila siku. Nilitapika, mikono ilitetemeka, na sauti ilikataa kutoka mpaka nifike nyumbani. Nilichapwa kwa ukaidi. Wengine walisema kifafa, wengine mapepo. Bibi, mama yake mama, alinipeleka hospitali. Daktari alinipima akasema, "Bibi, mwilini sioni ugonjwa." Tukarudi na vidonge vya minyoo.

Mwalimu mkuu alimwambia bibi, "Muhula ukiisha hivi hivi, abaki nyumbani. Anawasumbua wenzake." Bibi alichoka, akakubali. Mimi nililia, kwa sababu nilitaka kusoma kuliko kitu kingine chochote.

Mwalimu wangu wa darasa la tatu, Mwalimu Namsifu, alikuja nyumbani siku ya Jumamosi. Alinikuta nikiosha vyombo na kuimba.

"Kumbe anasema?" akauliza.

"Huyu?" bibi akajibu. "Mpaka tunamnyamazisha."

Jumatatu alisimama karibu nami mapema. Aliona nimeziba masikio kabla kengele haijagongwa, nikiangalia mti. Akachuchumaa. "Mwanangu, unaangalia nini pale?"

Nilimwambia, "Ilikuwa kwenye lori letu." Bado ilikuwa na rangi ya bluu pembeni. Lilikuwa neno langu la kwanza pale shuleni tangu nirudi.

Mwalimu mkuu alisema kengele nyingine hakuna, hata chaki hakuna. Mwalimu Namsifu akaenda kwa mzee mtunza pembe ya msaragambo, akaiazima.

Asubuhi iliyofuata ikapulizwa kuita wanafunzi. Walimu hawakufikiria kwamba kijiji nacho kina masikio. Nusu ya Vudee ilifika uwanjani na majembe, wakiuliza kazi iko wapi. Mwalimu Namsifu aliona aibu, lakini aliwaeleza yote. Kisha mmoja wa wale walionitoa chini ya lori akapanda mti, akaikata kamba ya rimu. Aliposhuka aliniambia, "Mwanangu, sisi tulidhani tumeleta kitu cha maana."

Kwa kuwa walishakuja na majembe, walichimba na mtaro wa shule.

Sikupona siku hiyo. Niliendelea kutetemeka karibu mwaka mzima, na Mwalimu Namsifu aliniruhusu kutoka nje bila kuomba. Wanafunzi tukawa tunaitwa kwa mdomo. Biashara zilipofunguliwa, vitu vikarudi madukani, shule ikanunua kengele, na ile sikuiogopa; darasa la saba nilimaliza.

Namshukuru Mungu, na yule mwalimu. Ninyi nawaomba jambo moja: mtoto asiposema, msianze na fimbo wala maombi. Nendeni kwao mkamwone anavyocheza, halafu mjiulize hapa shuleni kuna nini ambacho kule hakipo.

Rimu haikutupwa, sisi Wapare hatutupi kitu. Iliwekwa jikoni, ikawa jiko la kutelekea sufuria ya uji wa shule. Wiki ya kwanza niliukataa uji ule. Wiki ya pili njaa iliuma, nikapanga foleni na kikombe changu, nikaisogelea ile rimu, nikanywa.