Kisu Alichoomba Kinue

Mume wangu Isaburo ametia nakshi visu vya kukunja hapa mjini Miki, Japani, kwa miaka arobaini na minne, na miaka yote hiyo mimi nimekuwa nikimgombeza. Korongo, mawimbi, misonobari, kobe wa maisha marefu: kila alama ya heri waliyoagiza wafanyabiashara wa Osaka aliichonga kwenye mpini wa shaba, amekaa sakafuni, hadi magoti yakamfia. Nyumbani kwetu hakikuwepo hata kimoja. Figili tulimenya kwa kisu kilichokataliwa na wanunuzi.

Binti yetu wa pekee, Kinue, alipolazwa hospitali kwa ugonjwa wa tumbo, alinishika mkono.

"Mama, mwambie baba na mimi anitengenezee kisu, cha kumenyea matufaha. Miaka yote anawachongea watu baki tu!"

"Achonge nini?"

"Anajua ninachopenda."

Isaburo alipoambiwa alishika patasi papo hapo. Alifanya kazi siku kumi na tisa, pua karibu iguse shaba, maana macho nayo yalishachoka. Kilipokwisha akakifunga kwenye kitambaa, akanipa nipeleke, kwa kuwa ngazi za hospitali zilimshinda.

Mimi na kiherehere changu, nikakifungua ndani ya basi. Salaale! Ua la kamelia! Nani asiyejua kwamba mgonjwa hapelekewi kamelia? Maua mengine hupukutika kidogo kidogo, lile hudondoka zima, kama kichwa kilichokatwa. Mzee huyu amerukwa na akili, nikasema, anamchimbia mwanawe kaburi. Nikakizamisha chini kabisa ya kikapu.

Kinue aliponiona tu akauliza, "Kiko wapi?"

"Bado anachonga. Unamjua baba yako alivyo mzito."

"Basi nitasubiri."

Nyumbani Isaburo naye alikuwa ananingoja mlangoni.

"Alisemaje?"

"Alifurahi sana," nikamjibu, nikakimbilia jikoni.

Wiki tatu niliwadanganya wote wawili. Kinue alizidi kukonda, na kila nilipoingia alitazama mikono yangu kwanza, kisha uso. Siku moja akaniuliza polepole, "Baba amenikasirikia, mama?" Nilimwambia asiwe mjinga, ale uji. Mungu anisamehe, nilimkaripia! Alfajiri ya kesho yake akafariki.

Tulimleta nyumbani, tukamlaza kichwa kaskazini. Ilibaki kumwekea kisu kifuani, kama anavyowekewa kila maiti wetu, kimlinde njiani.

"Lete kile chake," alisema Isaburo. "Si kimerudi na vitu vyake?"

Ningeweza kusema kimepotea. Midomo ilikataa. Nikakitoa kabatini, chini ya kimono za majira ya baridi, nikampa kwa mikono miwili.

Alikifungua. Kikaratasi anachokunja juu ya ubapa wa kila kisu kipya kilikuwa bado mahali pake, na mafuta ya kuzuia kutu hayakuguswa. Kisu hakikuwa kimemenya hata tufaha moja.

"Hukumpa."

"Niliogopa lile ua, baba Kinue. Nilidhani nikimpelekea atakufa."

"Ningechonga korongo ungempa?"

"Ningempa siku ileile."

Alitoa kikaratasi, akafuta mafuta kwa mkono wa nguo yake.

"Alipokuwa mdogo alikuwa anayaokota maua haya yakiwa mazima pale uani, ananiletea kazini," alisema. "Ndiyo maana aliyapenda. Hayaharibiki yakianguka."

Mimi mama yake sikulijua hilo. Akakiweka kifuani pa mtoto, ncha ikielekea miguuni.

"Alikufa akijua nakichonga?" akauliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa nimeshasema uongo mwingi.

"Alidhani umemkasirikia," nikamjibu.

Isaburo aliinamisha kichwa hadi kikagusa mkeka, akamwomba radhi mwanawe. Alimwomba kwa sauti, tena na tena, kwa kosa ambalo lilikuwa langu.