Klara Alivyomnyima Mbunge Marahaba

Pale Issuna, ukikosa mbegu ya mtama unaenda kwa Klara, mjane wa Paskali. Hata mwaka ule wa njaa, watu walipokula mpaka pumba, vibuyu vyake vya mbegu vilibaki vimening'inia juu ya moshi wa jiko, vimezibwa kwa samadi na majivu, na hakuna mtoto wake aliyethubutu kuvigusa. Mbegu aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na bibi. Siku ya soko anazipima kwa kopo, na asiye na kitu anapewa, atarudisha akivuna. Mwenye ng'ombe kijijini anasalimiwa. Mwenye mbegu anafuatwa nyumbani.

Basi redio ikatangaza kwamba Serikali imepeleka Bungeni muswada wa mbegu, na ibara ya kumi na tisa inamkataza mtu kuuza wala kugawa mbegu isiyosajiliwa. Faini, au jela. Klara alizima redio akakaa nayo mapajani.

Mbunge wao alikuwa Bonaventura, aliyezaliwa nyumba ya pili kutoka kwa Klara, akakuzwa kwa uji wa mtama huo huo. Alipokuja kijijini, Klara alimchinjia jogoo.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Kaa ule. Hiyo sheria imefika wapi?"

Akaeleza huku anatafuna. Muswada umeshasomwa mara ya kwanza, hapo ni jina tu, hakuna mjadala. Sasa uko kwenye kamati, wabunge wachache wanauchambua na kuwasikiliza wananchi. Ukitoka huko unasomwa mara ya pili, waziri anautetea, wabunge wanachangia. Halafu Bunge zima linakaa kama kamati na kupita ibara moja moja.

"Hapo ndipo penyewe, mama mkubwa. Mbunge asiyeitaka ibara anapeleka mapema jedwali la marekebisho. Ibara ikiitwa, anasimama na kulitetea. Pakishapita hapo, muswada unasomwa mara ya tatu, unakwenda kwa Rais kutiwa saini, na imeshakuwa sheria."

"Kumbe ni kama mtama," Klara akasema. "Unapurwa, unapepetwa, unachaguliwa mawe. Sasa hili jiwe nani atalitoa?"

"Mimi. Jedwali nalipeleka mimi. Na nyinyi mtakuja Dodoma mshuhudie kwa macho yenu."

Wakaenda, akina mama wa Issuna, kwa basi aliloleta yeye, wamevaa vitenge vya sare. Sikudhani, jirani na msiri wa Klara, alibeba karanga za njiani. Getini wakapekuliwa, simu zikaachwa, wakapandishwa jukwaa la wageni. Maswali kwa mawaziri yalipokwisha, Spika akatangaza wageni.

"Wapo wageni wa Mheshimiwa Bonaventura, akina mama wakulima kutoka Issuna. Naomba wasimame."

Wakasimama. Sasa kwao, mkuu wa mkutano akikuambia simama, amekupa nafasi ya kusema. Klara akasafisha koo.

"Mheshimiwa Spika, mimi ni Klara wa marehemu Paskali, nina neno juu ya mbegu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Askari wa Bunge akamshika bega, kwa adabu kweli, akamkalisha. "Bibi, mgeni hasemi humu."

Klara alitazama chini kumtafuta yule mwana wa uji wake. Bonaventura alikuwa anacheka na mwenzake huku anapiga meza.

Hilo angelimeza, maana ugeni ni ugeni. Lakini mchana Bunge likakaa kama kamati. Spika akashuka kwenye kiti chake cha juu, akakaa chini mezani na makatibu, akawa anaitwa Mwenyekiti. Katibu anaita ibara, wabunge wanaitikia ndiyo, anaita nyingine, ndiyo, kama watu wanaoitikia sala. Ikafika ya kumi na tisa.

"Mheshimiwa Bonaventura, una jedwali lako."

Akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Mwenyekiti, nimeridhika na maelezo ya Serikali. Jedwali langu naliondoa."

"Wanaoafiki ibara hii waseme ndiyo."

Katikati ya ndiyo zote zile, Klara aliisikia ya Bonaventura peke yake, kama mama anavyojua kilio cha mwanawe.

Wakapanda basi kurudi, wakafika Manyoni. Ndipo Sikudhani akasema, "Labda alibanwa na wakubwa."

"Alibanwa koo? Mbona jogoo wangu alipita?"

Klara hakumlaani. Laana ni ya mtu mwenye haraka. Rais akatia saini, mvua zikaja, naye akawa anagawa mbegu kwa kuificha ndani ya kanga, kama mwizi wa mali yake mwenyewe. Kila mwanamke aliyekuja kuchukua aliondoka na mbegu na neno moja la sikioni. Na wengi wao walikuwa wajumbe wa chama, wale wanaopiga kura za maoni kuamua nani asimame kugombea ubunge.

Siku ya wagombea kujieleza ikafika. Darasa la shule lilijaa. Bonaventura akasimama pamoja na mshindani wake, Marietha, nesi mstaafu. Bonaventura ndiye akaanza.

"Baba zangu, mama zangu, shikamooni."

Kimya.

Akadhani hawakusikia, akarudia kwa sauti. Hakuna aliyeitika. Wanaume walikuwa wametishwa na wake zao tangu asubuhi, wakatazama viatu vyao. Asiyejua mila za huko ataona ni jambo dogo. Mzee akikunyima marahaba mbele za watu, amesema hakuoni, na aliyekuzaa hamjui. Jasho likamtoka Bonaventura chini ya kofia.

"Jamani, itikieni salamu," mwenyekiti wa kata akasihi.

Klara akainuka taratibu akijishika kiuno. "Mwenyekiti, sisi ni wageni wa Mheshimiwa. Alitupeleka Bungeni tukafundishwa kwamba mgeni wake hasemi. Tumeridhika na maelezo yake."

Akakaa. Darasa likacheka mpaka kuku wa uwanjani wakaruka. Kura alizopata Bonaventura zilikuwa za ndugu zake, na si wote.

Juma lililofuata akaja kwa miguu, bila gari, akasimama penye ua. Klara na Sikudhani walikuwa wanachagua mbegu kwenye ungo.

"Shikamoo mama mkubwa. Nimekuja uniwie radhi."

Klara hakuinua macho. "Sikudhani, hebu fukuza hao kuku, naona wanasogelea mbegu."

Sheria bado ipo, na mbegu bado inapita ndani ya kanga. Marietha, ambaye ndiye mbunge sasa, ameambiwa kuibadilisha ni kuanza upya, kusomwa kwa kwanza mpaka kwa tatu. Klara amemwambia atakwenda tena Dodoma siku hiyo, atakaa kimya juu kule, na atasikiliza ndiyo za nani na nani.

Bonaventura akija kijijini siku hizi anapitia nyuma ya zahanati. Shikamoo zake bado ziko pale uani, na Klara anazifagia kila asubuhi pamoja na mavi ya kuku.