Sidii Isiyofungwa

Harufu ya plastiki iliyopata moto hunipandisha hasira hata leo. Nikiwa mtoto, mama alinichukua kutoka Nyaramba hadi studio moja Kisii mjini, ambako mashine zilinuka plastiki ya moto. Alibeba kaseti yenye sauti ya marehemu baba akituombea. Fundi alisema ataichoma kwenye sidii.

"Uichome?" Mama aliikumbatia kaseti kifuani.

Fundi alicheka mpaka wateja wakageuka. "Kuchoma ni kuandika kwa mwanga, mama. Hakuna moto."

Mama aliona aibu, akamwachia. Wiki iliyofuata tulichukua sidii, kaseti ikabaki kwake, lakini redio ya mjomba ilikataa kuisoma sidii. Tukairudisha.

"Aa, nilisahau kuifunga," fundi alisema. "Sidii isipofungwa, mashine zingine haziisomi." Alijaribu kuifunga, ikaharibika kabisa.

"Basi choma nyingine kutoka kwa kaseti," mama alisema.

"Kaseti nilishairekodia nyimbo za mteja mwingine. Nilidhani huihitaji tena."

Mama, Msabato ambaye sikuwahi kumsikia akitukana, alipiga meza kwa kiganja akamtukana kwa Ekegusii, neno baada ya neno. Nami nikapaza sauti nikiyarudia yote, na mama hakunikataza.