Taa za Kumfuatia Mke Wangu Chwaka

Mke wangu alikwenda kwao Chwaka kumuuguza mama yake, akaniaga kwa wiki mbili. Mama mtu akapona, akaanza hata kukuna nazi mwenyewe, na mke wangu bado hajarudi. Nilipompigia simu aliniambia kinachomzuia ni pikipiki yangu.

"Mie jioni sikipandi tena kidude kile," alisema. "Taa yenyewe kama kibatari. Siku ile kidogo tu tumparamie ng'ombe."

Hilo hakulisema kwa uongo. Ng'ombe hupenda kujilaza barabarani jioni, lami ikiwa bado ina joto, na taa yangu ilikuwa ikinionesha ng'ombe nikishamfikia. Nikaishika sababu hiyo kwa mikono miwili. Ikiwa anachokosa ni mwanga, basi mwanga unauzwa dukani.

Nikanunua taa mbili ndogo za kuongezea, swichi, fyuzi na waya. Fundi yuko hatua chache tu kutoka kwangu, lakini nilitaka nikamwambie mke wangu kwamba nimezifunga mwenyewe. Ijumaa baada ya sala nikaiingiza pikipiki ukumbini, nikakaa chini kuchuna waya. Nyumba zetu za Mji Mkongwe ndani ni kiza hata mchana, na kazi ile inataka watu wawili, mmoja afunge na mwengine ammulikie. Mimi tochi niliibana kwa meno.

Mara ya kwanza hazikuwaka, kwa sababu waya mweusi wa kurudi kwenye betri niliusahau sakafuni. Nikajitukana vya kutosha, nikaufunga. Mara ya pili ukuta mzima ukawa mweupe, nami nikapiga kelele, "Zimewaka!" Hakuna aliyeitikia. Kwanza niliona haya, mtu mzima napiga kelele kwenye nyumba tupu. Kisha nikazima taa na kukaa pale pale chini. Baadaye nikapakia gunia la mchele kwenye siti ya nyuma, nikaziwasha tena na kuzilenga ukutani.

Kesho yake alasiri nikaenda Chwaka. Mama mkwe alikuwa kibarazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwenzio yumo ndani."

Mke wangu akatoka na kanga zake. Jua lilikuwa bado kali, lakini nikaziwasha taa hivyo hivyo. Akainama, akapitisha kidole kwenye waya, pale nilipouviringia tepu nyeusi.

"Umefunga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mashaallah. Zimependeza."

"Basi lete mkoba wako twende zetu, kabla magharibi haijaingia."

Hakwenda kuleta kitu. Alinyanyuka, akajifunga kanga upya, akanitazama kwa huruma.

"Ahsante, bwana," alisema taratibu. "Sasa hata ukija kututazama, utarudi zako mjini bila ya tabu. Na mie sitokuwa na wasiwasi."

Hakuwa na hasira. Nikanywa chai niliyotiliwa, nikaaga.

Kiza kikanikuta njiani. Nikabonyeza swichi, na mwanga wote ukamwagika hatua chache mbele ya gurudumu, mbele zaidi sioni kitu. Nilidhani nati zimelegea. Nikasimama pembeni, nikazitikisa taa. Zilikuwa zimekaza vizuri. Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Taa hulengwa pikipiki ikiwa na uzito inaoubeba kila siku, na mimi kule ukumbini nilipozilenga ukutani nilikuwa nimepakia lile gunia la mchele kwenye siti ya nyuma, mahali pake yeye. Nyuma kukiwa na mtu, pikipiki hukaa chini nyuma na taa hunyanyuka; pakiwa patupu, mwanga huanguka.

Nililia kidogo, sioni sababu ya kuficha. Kisha nikatoa spana, nikalegeza nati, nikakaa kwenye siti nikiwa peke yangu, nikazinyanyua taa mpaka mwanga ukafika mbali, nikazikaza zibaki hapo.