Kopo Kando ya Jiko

Wateja walimwita Matone. Alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani, na kila aliyefuata mashine yake aliondoka na maelekezo yaleyale: ufute kwanza mafuta ya zamani, kisha matone mawili kila tundu, basi. Alikuwa ameyasema kwa miaka ishirini na miwili, mpaka washonaji wengine wakawa wanammalizia sentensi.

Siku alipopimwa damu, nesi wa kliniki alimwonyesha karatasi. Lehemu, yale mafuta yanayoziba mishipa, ilikuwa juu.

"Nakupa miezi mitatu, fundi. Acheni mafuta ya kuganda, mpikie ya maji, kama ya alizeti, tena kidogo. Isiposhuka, daktari atakuanzishia vidonge."

"Vya muda gani?"

"Vya kila siku. Huenda vya maisha."

Matone alivijua vidonge vya kila siku. Kaka yake mkubwa alikuwa na vidonge vya asubuhi na vya jioni, na siku hizi hata kwenda kuwaona wajukuu alianza kwa kupanga vidonge mezani. Matone hakutaka maisha yake yapangwe hivyo, kama angeweza kuepuka.

Mkewe aliisoma karatasi ile mara mbili. "Kwa hiyo mapishi yangu ndiyo yaliyokuponza."

"Si mapishi, mama watoto. Ni mafuta."

"Na chunguni yaliingia kwa miguu yake?"

Kesho yake walikwenda dukani pamoja. Matone alivaa miwani yake ya kazi na kugeuza chupa moja baada ya nyingine, akisoma maandishi madogo ya nyuma. Muuza duka alimwangalia weee, mwisho akauliza, "Baba, kuna mtihani?"

"Hii imeandikwa haina lehemu."

"Mafuta yote ya mimea hayana, hata haya ya mawese yanayoganda. Hilo ni tangazo tu. Tazama mstari wa mafuta yanayoganda, uchukue penye namba ndogo."

Wakachukua ya alizeti. Matone akarudi nyumbani kifua mbele, kana kwamba lehemu imeshashuka tangu njiani.

Mwezi mzima ukapita hivyo. Jumamosi moja aliingia jikoni kutafuta kitambaa, akamkuta mkewe ameshamaliza kukaanga samaki. Akamwona anamimina mafuta yaliyobaki kwenye kopo la bati lililokaa siku zote kando ya jiko, halafu anaongeza ya alizeti juu yake, tayari kwa mboga za jioni.

Matone akalinusa lile kopo. "Ndani mna nini humu?"

"Mna ya leo, ya juzi, na ya wale kuku. Chini kabisa nadhani bado yapo yale ya kuganda. Ulitaka nimwage mafuta mazima?"

 Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akijisifu kwa watu kwamba mkewe hapotezi kitu. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kucheka.

"Sasa unanicheka mimi?"

"Najicheka mwenyewe. Miaka ishirini na miwili nawagombeza watu..."

"Wafute kwanza ya zamani," mkewe akamalizia. Naye akaliangalia kopo, lilivyokuwa jeusi mpaka ukingoni. "Na wewe hukuwahi kuniambia."

"Sikuwahi kuangalia."

Walisubiri mafuta yapoe, wakayamimina kwenye chupa ya zamani na kuifunga kwa ajili ya takataka. Kopo mkewe alilisugua kwa maji ya moto, akalinusa, akalirudia. Mwisho akaona aligeuze la kuwekea vijiko. Matone akaleta kutoka kazini kikopo kipya cha mafuta chenye mdomo mwembamba, ambacho hakijawahi kugusa mashine.

"Haya, fundi. Sufuria yangu ina matundu mangapi?"

"Kijiko kimoja. Na moshi usianze kutoka."

"Na viazi vya kukaanga?"

"Tutachemsha."

"Utaviomba."

Aliviomba wiki ya pili. Akapewa vya kuchemsha, na kachumbari.

Miezi mitatu ilipotimia, nesi aliishika karatasi mpya kwa muda mrefu kuliko ile ya kwanza. Namba ilikuwa imeshuka, si mpaka chini kabisa, ila imeshuka. "Daktari anasema vidonge tuviache kwanza. Endeleeni hivihivi, urudi baada ya miezi sita."

Nyumbani, mkewe alikuwa mlangoni anamsubiri. "Wamekuanzishia?"

"Hawakunianzishia."

Mkewe akafunga kanga kiunoni. Aliingia jikoni, na baada ya muda Matone akasikia kisu kikikata viazi vyembamba.

"Leo tu," mkewe akasema bila kugeuka. "Mafuta mapya, na yakibaki yanakwenda kwenye chupa ya takataka. Usije ukaniuliza kesho."

Matone akavuta kigoda, akakaa karibu na jiko, kimya kabisa, asije akaharibu.