Binamu Yangu Alijazia Watu Kadi kwa Maombi Yangu

Admin, asante kwa kukubali kunifichia jina. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, kwetu ni upande wa Butali hapa Kakamega. Wanaonijua watawaambia sina maneno. Mwalimu akiuliza swali, jibu ninalo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, lakini mdomo unakataa. Hata kanisani tukiambiwa kila mtu aombe kwa sauti, mimi nasogeza midomo tu.

Ndiyo maana nilizoea kuomba kwa simu. Nilikuwa naenda nyuma ya zizi, najirekodi nikiongea na Mungu, nikimaliza roho imepoa. Simu ilikuwa ya zamani ya mama, na kadi yake ya GB mbili, ile baba alinunua kwa bei ya kuku mzima wakati hata hiyo ilionekana kubwa. Ikijaa nilifuta maombi ya zamani ili mapya yapate nafasi. Sikujali. Mungu alikuwa ameshasikia.

Kuna moja sikuwahi kufuta. Likizo iliyopita mama alinituma Mautuma kwa rafiki yake, na sokoni nikamwona baba. Baba huendesha trekta la miwa, na sisi tulijua yuko kazini. Alikuwa amepiga magoti akimvalisha mtoto mdogo viatu vipya, mtoto anamwita baba, na mwanamke amesimama kando anangoja. Aliponiona alinivuta pembeni. Yeye huniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Mama," akasema, "haya ni mambo ya watu wazima. Niachie mimi, nitamwambia mama yako." Nikaitikia kwa kichwa. Mpaka leo hajamwambia kitu. Anakujanga nyumbani, anakula, anauliza ng'ombe wanaendeleaje.

Hayo yote nilimwambia Mungu kwa simu, nikilia. Nilitaja Mautuma, nikataja trekta, nikataja hata vile viatu.

Sasa huyu binamu yangu, nimwite Shem. Ni mtoto wa senje, dada ya baba, na tumelelewa pamoja kama watoto wa nyumba moja. Ana kibanda Lurambi, anawekea watu nyimbo kwa kadi za simu na za redio. Ni yeye aliniambia, "We bado unabeba GB mbili? Siku hizi GB sitini na nne ni bei ya hiyo yenu ya zamani. Leta nikuhamishie vitu vyako." Nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia kuna sauti zangu humo, asisikize. Akacheka. "Sauti yako? Nani ashawahi kuisikia?" Sikujua kwamba zimebaki kwa kompyuta yake.

Juzi nilikuwa kwa kinu cha kusaga mahindi karibu na kwetu. Injini ilikuwa imezimwa, tunangoja dizeli iletwe, na redio ya kadi ya mwenye kinu inapiga nyimbo za injili. Wimbo mmoja ukaisha, nikasikia mtu anavuta kamasi. Halafu sauti yangu: "Mungu, leo nimemwona baba Mautuma."

"Huyu naye ni nani analia kwa redio?" mama mmoja akauliza.

"Ni mchezo wa redio, nyamaza tusikize."

"Mzee wa trekta ako na bibi mwingine! Si mimi nawajuanga hao watu wa trekta."

"Ebu rudisha nyuma kidogo, hiyo ya viatu imenipita."

Wakacheka, na mwenye kinu akarudisha. Nikasimama pale na debe langu, nikisikiliza kilio changu mara ya pili. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Hakuna aliyejua ni sauti ya nani.

Nilienda kwa Shem nikamwambia nilichosikia. Wala hakushtuka. "Dada, Mungu ni shahidi, sikusikiza hata moja. Mtu ananunua kadi kubwa, nyimbo zangu hazifiki hata nusu yake, anarudi hapa ati nimempunja. Nikachukua kila kitu chenye sauti nikamwaga humo. Mahubiri, matangazo ya matanga, na zako. Zilikuwa za kujaza tu."

Za kujaza tu. Heri angesikiliza akaamua kuniaibisha, ningejua nina adui. Nikamuuliza ameuza kadi ngapi za namna hiyo. "Sasa hizo nitajuaje? Watu wa boda walichukua, wakata miwa walichukua. Hata kikundi cha mama yako."

Kumbe ni kweli. Akina mama wa kanisa walichanga wakanunua kwake redio ndogo ya kadi, kwa sababu Shem ni mtoto wa nyumbani, na mama ndiye anaitunza. Nilirudi mbio nikachomoa kadi kabla hajaisikiliza. Alipowasha, redio haikuimba. Akanigeukia mimi ninayejua mambo ya simu, nikasema sijui imekuwaje.

"Basi iwache," akasema. "Baba yako anakuja Jumamosi, ataiangalia. Tutakaa sisi wote tuisikize. Siku nyingi hatujakaa hivyo." Na alikuwa anatabasamu.

Kadi ninayo hapa kwa mfuko wa sketi. Shem anasema nimpelekee aifute mambo yaishe. Lakini nyingine ziko nje, na mama huenda kwa kile kinu kila wiki. Wale wengine waliuliza ni nani analia. Mama hatauliza. Yeye sauti yangu anaijua.

Nyinyi mlio na mama, na nyinyi mlio akina mama, niambieni. Nimwambie kabla ya Jumamosi kwa mdomo huu ambao haufunguki? Ama nirudishe kadi kwa redio kimyakimya, niwaache waisikize wote wawili, baba akiwa ameketi hapo hapo?