Marion na Milioni Moja na Tatu

Saa moja asubuhi, Marion Adero ameketi nje ya ghala la mahindi mjini Eldoret, sindano ndefu mkononi, akishona magunia yaliyotoboka. Midomo yake inacheza. Mwanzoni wenzake walidhani anasali.

"Anagawanya," anasema Byron Kipngetich, mpakiaji wa ghala hilo. "Mimi humwambia, Mama, calculator iko kwa simu. Anaendelea tu kugawanya."

Adero, mwenye umri wa miaka 49, alikuja mjini kutoka Moiben, alikokuwa ameolewa. Kwao ni pande za Ziwa Victoria. Mama mkwe wake, Mkalenjin, hakujua Kijaluo, naye Adero hakujua Kikalenjin, hivyo lugha yao wawili ilikuwa Kiswahili. Kwa Kiswahili hicho mama mkwe alimwambia, mbele ya wageni, kwamba yeye ni tasa. Mumewe alikuwapo.

"Kesho yake nilibeba nguo zangu. Hakuna mtu alinifuata."

Tangu hapo anaishi peke yake katika chumba cha kupanga mtaani Langas. Sauti ya pili humo ndani ni ya redio.

Jioni moja mwaka jana, mtangazaji alieleza habari za namba tasa: zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Shuleni Adero alizijua kwa Kiingereza tu. Aliposikia kwamba kwa Kiswahili nazo huitwa tasa, alizima redio.

"Nikakaa. Halafu nikafungulia tena. Nilitaka kusikia kama atazicheka."

Hakuzicheka. Aliuliza kama milioni moja na tatu ni namba tasa, akaahidi jibu wiki iliyofuata. Wiki hiyo ilipofika, saa ya kipindi ulitangazwa mpira, na kipindi hakikurudi.

Basi Adero akachukua kalamu na kalenda kuukuu, akaanza kugawanya mwenyewe.

"Saba ikaniachia nne. Kumi na moja, nne. Kumi na tatu, nne tena. Nikasema, Marion, sasa umechanganyikiwa."

Hakuhitaji kuvuka elfu moja: kama namba hiyo ingekuwa zao la namba mbili, ndogo yao isingezidi hapo. Hata hivyo, zilikuwapo namba tasa 168 za kujaribu. Msimu wa mvua ukaisha akigawanya. Ya mwisho, 997, ilibakisha kumi na mbili.

Milioni moja na tatu ni tasa.

Alitoka nje kutafuta wa kumwambia. Jirani alikuwa akifua. Akamsalimu, akarudi ndani.

Na simu, je?

"Najua iko kwa simu. Lakini simu ingemaliza mara moja, na mimi ningeipeleka wapi jioni yangu?"

Ameshachagua namba nyingine, kubwa zaidi, ila hajaigusa; kwa sasa, akishona, huirudia kichwani ile ya kwanza. Anangoja kwanza apate mwenzake.

"Sitafuti wa kunisifu," anasema, akikata uzi kwa meno. "Nataka mtu aniambie, Marion, hapa umekosea. Nimwekee chai, tugawanye upya, polepole."